Siku Nilipojiitikia Mwenyewe

Jamani, mkasa huu nimeumeza miaka mingi, na hata leo nikiona shuka jeupe limeanikwa kwenye kamba masikio yananiwaka moto. Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshachoka kuona aibu.

Kwetu Iringa nilikuwa mtu bwana! Misheni yetu ilikuwa na mchezo wa jukwaani, wa kuimba mwanzo mpaka mwisho, habari ya baba mmoja aliyekwenda Chunya kuchimba dhahabu akarudi kwao hana hata shati la maana, na baba huyo nilikuwa mimi. Mwishoni nasimama katikati, naimba, "Nani yuko nami?" halafu nanyamaza, naweka mkono sikioni, na ukumbi mzima, akina mama na watoto wao mgongoni, unaitika, "Tupo, baba, tupo!" Mara tatu. Watu walikuwa wanalia (na mimi nalia, ingawa mimi ndiye niliyekuwa naigiza).

Ndipo wakaja Wazungu wa sinema na mashine yao, wakasema mchezo ni mzuri, wataupiga picha. Tukaimbia uwanjani nyuma ya kanisa, jua la mchana, na watu wote wakafukuzwa mbali wasije wakaingia kwenye picha. Nikauliza, "Bwana, sasa nani ataitikia?" Akanijibu, "Wewe imba tu kama kawaida." Nikaimba kama kawaida, nikaweka mkono sikioni, nikausikiliza upepo.

Mwaka uliofuata nikapata kazi Mbeya, kwenye kiwanda cha mbao. Mvua na ukungu, wenzangu Wanyakyusa na Wasafwa, wakianza kuongea vya kwao mimi nabaki kutabasamu kama mgonjwa. Jina langu hawakulijua, waliniita "wa Iringa". Nilipanga chumba kwa Mama Sekela, nikala peke yangu, nikalala peke yangu, Jumapili nikafua nguo ambazo hata hazijachafuka, ili tu nipate la kufanya. Upweke ulinitafuna, sifichi.

Basi siku moja likaja gari la sinema, lile la serikali linalozunguka na shuka lake la kuonyeshea picha na kipaza sauti, likatangaza mchezo wetu. Ningekwenda nikakaa nyuma kimya, yangeishia hapo. Lakini mdomo, jamani! Nikamwambia Ambakisye, ambaye nilikuwa nakokota naye magogo, "Yule baba wa kwenye sinema ni mimi."

Akaliachia gogo. "Wewe? Wa Iringa?"

"Mimi. Utaona watu watakavyolia."

Kufika mchana kiwanda kizima kinajua, jioni Mama Sekela kavaa kanga mpya, wananivuta mkono nikae mbele kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Mbeya mtu akaniuliza, "Kwani jina lako nani?" Nikasema Filipo. Nilifurahi kama mtoto.

Giza likaingia, sinema ikaanza. Mama yangu! Sauti inatangulia, mdomo unafuata. Jukwaani nilikuwa baba mwenye huzuni, pale kwenye shuka nilikuwa kidevu na meno. Watu wakaanza kuguna, kisha kucheka, maganda ya ndizi yakaruka, na nyuma mtu akapaza sauti, "Tuleteeni ile ya mpira!" Nikajifariji kwamba tukifika kwenye wimbo wangu watanyamaza.

Tukafika. Filipo wa kwenye shuka akaimba, "Nani yuko nami?" akaweka mkono sikioni, akangoja. Kimya. Wimbo wenyewe hawaujui, wangeitika nini? Akangoja, macho kayatoa, anawaangalia watu wa Mbeya, na uwanja wote ukaangua kicheko. Akauliza mara ya pili. Nilimwonea huruma yule mtu kana kwamba si mimi, sijui niliwaza nini, nikajikuta nimesimama, nimewageukia watu, naimba kwa nguvu zangu zote, "Tupo, baba, tupo!" Peke yangu. Tena kivuli changu kikamfunika yule baba mzima, ikabaki sauti yake tu inauliza mara ya tatu, mimi namjibu, watu wanapiga kelele, "Kaa chini we!" Nikarudi nyuma, mguu ukanasa kwenye kamba, shuka, miti yake na mimi, chini puu!

Bwana wa kipaza sauti akasema, "Mwenye mtu huyu aje amchukue."

Hakuna aliyekuja. Mama Sekela alikuwa anafunga vizuri kanga yake, Ambakisye anatafuta kofia ambayo ilikuwa kichwani.

Asubuhi kiwandani Ambakisye akapanda juu ya gogo, mkono sikioni, "Nani yuko nami?" Kiwanda kizima kikaitika, "Tupo, baba, tupo!" Kwa mpigo mmoja, vizuri kuliko Iringa. Nilicheka nao mpaka machozi yakanitoka, nikasingizia vumbi la mbao. Jioni kila mtu akaenda kwake, nami nikapika ugali wa mtu mmoja.

Niliapa siku ile ile: sinema ikitangazwa siendi, na siwaulizi watu swali ambalo jibu lake wanalijua wa kwetu tu. Ila nikiwa jikoni peke yangu wimbo ule hunitoka wenyewe, na nikifika pale pa kuitikia bado huwa nanyamaza kidogo. Halafu naendelea kusonga ugali.