Koti Lisilo na Kupe

Juzi, katika duka moja la nguo hapa Eldoret, mama mmoja mkulima kutoka kijiji cha Ziwa alishika koti la manyoya, kama yale waliyovaa wake za masetla wa Kizungu kabla ya kutuuzia mashamba. Akayapanua manyoya kwa vidole, kama anayemtafutia ndama kupe.

"Huyu ni mnyama gani?"

"Si mnyama, Mama," muuzaji akamjibu. "Ni nailoni tupu."

Mama akacheka. "Mamangu aliambiwa na wamisionari avue vazi lake la ngozi ndio abatizwe. Basi hii nitavaa kanisani, tuone nani atanivua."

Jumapili alikaa benchi ya mbele, koti limefungwa mpaka shingoni. Mhubiri alihubiri kuhusu kondoo aliyepotea. Sisi wote tulikuwa tunamtazama aliyerudi, tena na manyoya yaliyomea upya.