Kilichokuwa Kikipepeta Ukutani

Mwanangu, ipo Jumatatu moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka natazama mikono yangu: siku ambayo tindo langu lilizama ndani ya ukuta wa Bi Mwanaidi.

Najua watu watacheka. Nina miaka ishirini na tisa, wewe hujaota hata jino, nami nimekaa kukuandikia wosia kama bibi kizee. Lakini nimegundua kwamba kila ninapolisimulia kosa hili nalipunguza kidogo. Naogopa nikisubiri nizeeke litakuwa limekwisha kabisa. Basi nakuandikia sasa, lingali na ukubwa wake.

Bi Mwanaidi aliishi peke yake hapa Bagamoyo, katika nyumba kongwe ya mawe ya matumbawe. Mwanawe Hamisi, mkazi wa Kerege, ndiye aliyenipa kazi. Ukuta wa upande wa ua ulikuwa umepoteza plasta zamani, na chokaa iliyoshika mawe ilikuwa imechoka, inamomonyoka ukiigusa kwa kidole. Nilitakiwa kuchokonoa ile iliyochoka tu, niache iliyo nzima, niloweshe ukuta, nijaze viungo vya kati ya jiwe na jiwe kwa chokaa mpya, kisha nifunike kwa magunia mabichi ili ikauke polepole. Ni kazi ya subira.

Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa video za kwenye simu na kwa kwenda kukaa mbele ya magofu nikitazama yanavyoanguka. Kwa hiyo sikuwa na mtu wa kuniambia, "Basi, hapo panatosha." Nilikata kijiti cha kupimia, na kila kiungo nilitaka kiwe na kina kile kile na upana ule ule. Jioni nilipiga picha, nikazikuza kwenye simu kutafuta palipopinda. Fundi wa zamani hakujenga kwa kijiti changu. Alipachika jiwe pale lilipokubali. Mimi nilikuwa namsahihisha.

Jirani wa Bi Mwanaidi, Bi Tatu, alikuwa akinichungulia kutoka mlango wa ua. "Zuhura," aliniambia, "unajaza ukuta au unaupaka wanja?"

Nilicheka naye. Ndani iliniuma.

Jumatatu hiyo nilifika chini, usawa wa goti, penye kiungo ambacho chokaa yake ilikuwa nzima, ngumu kama jiwe lenyewe. Ya kuachwa. Ila viungo vya jirani zake vyote vilikuwa vimefika kwenye alama ya kijiti, hiki hakijafika, na macho yangu hayakuweza kukivumilia. Nikagonga. Pigo la tatu la nyundo likakuta patupu. Tindo likazama mpaka vidole vyangu vikagusa ukuta, na nilipolichomoa ukatoka mchanga mkavu, mwembamba, ukanimwagikia mguuni. Ulikuwa wa vuguvugu.

Kuta hizi, mwanangu, zina nyuso mbili za mawe, na katikati kuna kifusi, mchanga na chokaa. Nilikuwa nimetoboa mpaka moyoni. Nikaziba kwa kiganja, nikasikia juu yangu, ndani ya ukuta, kitu kikishuka.

Nikageuka. Bi Mwanaidi alikuwa jikoni anachambua mchicha. Hakuna aliyeniona. Nikasukumia vipande vya mawe, nikapaka chokaa juu, nikaisawazisha mpaka ikalala. Naona haya kuandika hivi, lakini ni kweli: kilikuwa kiungo kizuri kuliko vyote nilivyopata kujaza. Nilikipiga picha.

Jumatano, baada ya adhuhuri, jua lilikuwa limewafungia watu wote ndani. Nilikuwa naloweka magunia niliposikia. *Sha. Sha. Sha.* Kutoka ukutani, usawa wa mtu aliyeketi. Taratibu, kwa kipimo, kama mtu anayepepeta mchele kwenye ungo. Niligonga jiwe kwa kifundo cha kidole, kikanyamaza. Nilipoondoa mkono, kikaanza tena, kama mtu aliyekuwa akisubiri niondoke.

Nilijua ni nini. Hapa ndipo ninapotamani kila mara kupunguza, na leo sipunguzi: nilijua tangu mara ya kwanza. Ulikuwa mchanga wangu, unashuka kwenda mahali patupu. Na pamoja na kujua, niliogopa.

"Unasikia?" Bi Mwanaidi alikuwa amesimama nyuma yangu, kanga begani.

"Nasikia nini, bibi?"

"Usinifanye mtoto. Hicho."

"Labda panya."

"Panya hapepeti."

Akaitwa Bi Tatu. Akaweka sikio kwenye jiwe, akalitoa kama aliyeungua. "Audhubillahi! Mwanaidi, nyumba imeingia mtu!" Akakimbia kwake, akarudi na chetezo cha ubani kinafuka. Akanikabidhi mimi. "Shika wewe. Si ndiwe uliyewachokoza kwa nyundo?"

Nikashika. Nikatembea na ubani mbele ya kosa langu mwenyewe, huku Bi Tatu akisoma dua nyuma yangu. Nilipofika kwenye kiungo kimoja ambacho sikuwa nimekijaza, moshi uliinama. Ulikuwa unapanda juu vizuri, ukainama, ukaingia ukutani wote, kama unavutwa na pumzi. Tuliangalia juu, tukazunguka mpaka upande wa pili. Haukutokea kokote.

"Mimi nimeacha wali motoni," alisema Bi Tatu, akaondoka na kukisahau chetezo chake.

Bi Mwanaidi hakuogopa. Alisogea, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama ya msichana, "Huyo mama."

Mama yake alikuwa akipepeta mchele kila mchana katika ua huo, mgongo wake ukiegemea ukuta huo. Alifariki wakati Bi Mwanaidi ni binti mdogo, hata kusuka nywele zake mwenyewe hajajua. "Wanasema watu jini," aliniambia. "Jini ana shida gani na mchele?"

Ningeweza kusema pale pale. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Lakini nilimwona uso wake, nikajiambia kwamba kumnyamazia ni huruma. Haikuwa huruma. Nilikuwa naogopa kuitwa fundi asiyejua.

Alhamisi nilimkuta akiuamkia ukuta shikamoo. Ijumaa kitanda chake cha kamba, ambacho siku zote alikiweka kwenye kivuli cha jiko, kilikuwa kimesogezwa mpaka kikagusa mawe. Alilala ubavu, kichwa karibu na kile kiungo changu kizuri, anatoa habari. "Mama, Hamisi kapata mtoto wa tatu. Wa kike. Kapewa jina lako." Ile sauti ya ukutani ikanyamaza. Akasubiri. Ikaanza tena, naye akaendelea. Nimejiuliza miaka yote hii kama nilisikia vibaya, mwanangu, lakini ilikuwa ikinyamaza mahali ambapo mtu angenyamaza.

Jumamosi nilining'iniza timazi, ule uzi wenye kizito chini wa kupimia wima wa ukuta, nikijifanya napima viungo. Siku ya kwanza ya kazi uzi wake ulikuwa umeukaribia ukuta sawasawa kutoka juu mpaka chini. Sasa katikati ulilala juu ya mawe, na chini ulikuwa umeachana nayo vidole viwili. Ukuta ulikuwa umefanya tumbo. Na tumbo lile lilikuwa limeelekea kitandani, juu ya kichwa cha Bi Mwanaidi, aliyekuwa amesinzia mdomo wazi.

Hata hapo nilitafuta njia ya pembeni. Nikamwamsha. "Bibi, tusogeze kitanda. Chokaa itakudondokea."

"Idondoke. Mimi na mama tunazungumza."

"Itakuingia machoni, bibi."

"Zuhura, niache."

Uongo ulikuwa umeniishia. Nikapiga magoti, nikamwambia. Tindo, pigo la tatu, mchanga, chokaa niliyopaka juu, ukuta uliofanya tumbo. Niliyasema haraka, nikitazama miguu yake.

Aliinuka mwenyewe. Nilimpa mkono, hakuupokea.

"Tangu Jumatatu?"

"Tangu Jumatatu."

"Na ubani ulishika wewe."

"Nilishika mimi."

"Siku nne umeniacha nazungumza na shimo lako." Hakupandisha sauti. "Jiwe likiniangukia ni jiwe tu, halina macho. Wewe ulikuwa unaniona."

Nikampigia simu Hamisi. Alifika na vijana wawili na boriti za kuegemeza. Tulikuwa tumeshatoa kitanda, boriti ya kwanza haijasimama, ukuta ulipotoa sauti kama mtu anayeshusha pumzi, na uso wake wote wa katikati ukashuka uani. Vumbi lilipotulia, jiwe kubwa kuliko yote lilikuwa limelala pale ulipokuwa mto wake wa kulalia.

Ndani palionekana kidaka cha zamani, kile kishubaka cha kuwekea taa na vyombo, kilichozibwa kwa mawe kabla hata Bi Mwanaidi hajazaliwa. Humo ndimo mchanga ulimokuwa ukishukia. Ulikuwa umetandazika sawa, changarawe upande mmoja, mchanga laini upande wa pili, na mpaka baina yake umenyooka.

"Mchanga ukimwagika hujitenga wenyewe," alisema Hamisi.

Labda. Tangu siku hiyo nimemwaga mchanga mkavu kwenye makopo na masanduku nisiyoweza kuyahesabu, kwa sababu ndivyo nilivyo, siwezi kuacha. Hujitenga kidogo. Haujawahi kujitenga namna ile.

Bi Mwanaidi alilaza kiganja chake upande wa mchanga laini, akakaa hivyo. Kisha akakipangusa kwenye kanga, akaingia ndani.

Hamisi alitaka fundi mwingine. Mama yake ndiye aliyekataa. "Huyu anajua palipo patupu. Mwingine ataanza kutafuta upya." Lakini akanipa sharti. Kila siku kabla sijanawa mikono, nisimame mlangoni pake nimwambie nilichoharibu siku hiyo.

Siku ya kwanza ulimi ulikuwa kama umetiwa chokaa. "Leo nimevunja kona ya jiwe, bibi." Akajibu, "Haya, nenda." Siku ya pili, "Leo chokaa imekauka haraka, imepasuka nyufa tatu." "Haya, nenda." Ilikuwa hivyo miezi miwili na nusu, na hapakuwa na siku hata moja niliyokosa cha kusema. Nilijenga ule ukuta upya, viungo vyake vikiwa vinene hapa na vyembamba pale, kama mawe yalivyotaka. Unasimama mpaka leo, haujapasuka. Lakini Bi Mwanaidi hakuweka kitanda upande huo tena. Akipita karibu nao hupita kwa haraka kidogo, kama mtu anayepita mbele ya nyumba iliyohamwa.

Hilo sikuweza kulijenga, mwanangu, na ndiyo sababu nakuandikia. Utaharibu vitu. Una mikono, basi utaharibu. Sema siku ile ile, chokaa ikiwa bado mbichi, kabla mtu mwingine hajalaza kichwa chake juu ya ulichoficha. Kosa langu la Jumatatu lilikuwa tundu la kuingia vidole viwili. Lingezibwa kwa saa moja na neno moja la aibu. Kufikia Jumamosi lilikuwa limemchukulia mtu mama yake mara ya pili. Na ukiona kitu ni kizima, hata kama machoni pako kimepinda, kiache.

Mola akujaalie mikono ya kazi na moyo usioogopa kuonekana umekosea. Akupe watu watakaokusikiliza, kisha wakuambie haya, nenda. Na mimi aniwezeshe kuwa wa kwanza kati yao. Amina.