Mbegu za Nyanya Agnes

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi, nilichukua mbegu za mtu bila kuomba. Naanza na hilo kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nikisimulia kisa hiki kwa kuzunguka, ili nikifika kwenye kosa langu msikilizaji awe amekwisha kunihurumia.

Tuliishi ughaibuni, katika mji wa Hyattsville, mama na mimi. Mama alitoka Bungoma, na kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao. Mwaka ule alikuwa akimtunza Nyanya Agnes. Hakuwa nyanya yangu wa damu; mama ndiye aliyenifundisha kumwita hivyo. Alikuwa Mwanishinaabe, mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi ile, kutoka kwenye maziwa ya Minnesota, kaskazini kabisa. Alipovunjika nyonga, binti yake Ruth, aliyefanya kazi ya ofisi kule Arlington, alimleta akae naye. Shule zilipofungwa kwa wiki mbili mwezi wa Aprili, mama hakuwa na mtu wa kuniachia, nikawa naandamana naye kazini.

Ndani ya friji ya Ruth, rafu ya chini, kulikuwa na chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Ilijaa maji, na ndani ya maji kulikuwa na mbegu nyembamba, nyeusi, ndefu kama kucha. Kila asubuhi Nyanya Agnes aliitoa, akamwaga maji ya zamani, akatia mapya ya baridi, huku akiisemesha kwa lugha yake.

"Hii ni manoomin," aliniambia kwa Kiingereza chake cha polepole. "Mpunga unaoota wenyewe ziwani. Wazee wetu waliambiwa wasafiri mpaka watakapokuta chakula kinachoota juu ya maji. Walipokikuta, wakakaa hapo."

Alieleza kwamba kwenye ghuba ya ukoo wake mpunga ulikuwa umetoweka tangu maji ya ziwa yalipopandishwa kwa lambo. Mbegu zile zilikuwa za mwisho, kaka yake alizivuna kwenye ukingo mmoja uliobaki. Barafu ikiyeyuka, mwezi wa Mei, Ruth angempeleka nyumbani akazitie majini.

"Huyu si chakula tu," alisema. "Ni ndugu. Ukimhitaji unamwambia sababu, unaweka tumbaku kidogo, ndipo unachukua. Akichukuliwa kimyakimya huondoka. Tena hatoki yule mmoja tu. Wanaondoka wote."

Nilicheka. Mama hakucheka. Tulipokuwa garini kurudi nyumbani alinikaripia. "Usimcheke mtu mzima. Hata mama yangu hakuruhusu mkono wa mtu kuingia kwenye chungu chake cha mbegu za wimbi bila yeye kujua. Alisema hazitaota."

"And did they?" nilimuuliza, nikitaka kujua kama ziliota. Siku hizo Kiswahili nilikisikia chote lakini nilijibu kwa Kiingereza.

"Sijui. Hakuna aliyethubutu kujaribu."

Sasa, kanisani kwetu kulikuwa na kijana aliyeitwa Barasa, ambaye mama alimchukua kama mdogo wake. Alikuwa anasomea shahada ya pili ya mambo ya mimea katika chuo kikuu kimoja upande wa Virginia. Jumapili iliyofuata nilimsimulia habari za chupa, na macho yake yakamtoka.

"Mpunga wa ziwani? Wenye uhai? Naliaka, profesa wangu ametafuta mbegu kama hizo mpaka amechoka. Niletee chache tu. Hatajua kwamba zimepungua. Nami nitakusaidia na science project yako ya shule."

Siamini kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanafunzi mwenye hofu ya kutomaliza masomo, nami nilikuwa mtoto niliyependa kuonekana wa maana. Jumatatu, Nyanya Agnes alipokuwa amelala, nilichukua kijiko, nikachota mbegu kumi na saba, nikazitia kwenye kichupa cha dawa pamoja na maji. Chupa kubwa niliirudisha palepale. Jioni Barasa alipitia kwetu akachukua.

Siku ya tatu, Nyanya Agnes alifungua friji akaitoa chupa kuibadilishia maji. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya maziwa, na harufu yake ilifika hadi sebuleni. Mbegu zilikuwa laini, ukibonyeza, zinapondeka.

Labda kijiko kilikuwa na sabuni. Labda sikufunga vizuri. Nimeyafikiria yote hayo kama mtu aliyesoma, na hakuna hata moja ninaloweza kuapa kwamba ndilo.

Ruth alirudi kutoka kazini, akatazama chupa, kisha akamtazama mama. "Ni wewe tu unayeingia jikoni," alisema.

Mama alikuwa ameshika kitambaa cha vyombo. Nilimwona akikikunja mara mbili, mara tatu, na nikajua kwamba angefukuzwa kazi akiwa hajui hata kosa lake. Nikasema yote.

Nyanya Agnes hakunigombeza. Aliuliza jambo moja: "Hao kumi na saba, wako hai?"

Kesho yake asubuhi tulivuka mto kwenda Virginia, mama akiendesha, Nyanya Agnes mbele na kigari chake cha kutembelea kikiwa miguuni pangu nyuma. Barasa alitupokea mlangoni pa maabara ya chuo chake, uso umemshuka. Profesa wake alikuwa mwanamke mpole. Alituletea viti na maji ya kunywa. Upole wake ndio uliofanya jambo lenyewe kuwa gumu.

"Tayari tumeziandikisha kwenye orodha ya mbegu zetu," alisema. "Mbegu hizi ni adimu sana. Utafiti wetu unaweza kusaidia kuziokoa. Hatuna nia ya kuuza kitu."

"Nilipokuwa binti, walikuja watu wa chuo kwetu," Nyanya Agnes alijibu. "Walizungumza vizuri kama wewe. Baba aliwapakia kwenye mtumbwi wake akawaonyesha kila mahali. Baadaye tukasikia mpunga wetu unalimwa mashambani, mbali, na kwenye pakiti wamechora mtumbwi. Hakuna aliyerudi kutuambia."

"Mimi si wao."

"Najua. Lakini uliniuliza?"

"Sikujua kwamba kuna wa kuulizwa."

"Sasa umejua."

Barasa hakungoja kuagizwa. Aliingia chumba cha baridi, akarudi na kichupa kile cha dawa mkononi. "Zimebaki kumi na moja," alisema kwa sauti ya chini, na kwa Kiswahili akamwambia mama, "Dada, nisamehe." Nyanya Agnes akauliza zile sita nyingine ziko wapi. Zilikuwa zimesagwa, zimekuwa unga kwenye kifuko kidogo chenye nambari. Akauomba na huo unga. Profesa mwenyewe ndiye aliyekwenda kuuleta.

Nje, karibu na maegesho, Nyanya Agnes alinipa kichupa nikishike. "Waambie," alisema.

Sikujua nianzie wapi. Nilisema, "Samahani. Niliwachukua bila kuwaambia. Sasa mnarudi kwenu." Yalitoka kwa Kiswahili, lugha ambayo sikuizungumza hata na mama yangu. Mama aligeuka akaangalia magari. Nyanya Agnes hakuelewa neno, lakini alitikisa kichwa kama aliyeridhika, akaumwaga ule unga kwenye nyasi pamoja na tumbaku.

Mama aliendelea na kazi. Barasa alibadilishiwa mada na kuchelewa mwaka mzima kumaliza. Mwezi wa Mei zile kumi na moja zilipelekwa ghubani. Nyanya Agnes alifariki majira ya baridi yaliyofuata, na kiangazi Ruth akampigia mama simu kusema kuna mashina manne yamesimama majini. Mama alinipa simu nimsikie mwenyewe.

Leo nafanya kazi hospitali, kwenye kitengo cha utafiti. Kazi yangu ni kukaa na wagonjwa na kuwaomba ruhusa ya kutumia damu yao. Wenzangu huniambia kwamba natumia muda mrefu mno. Wapo wanaokubali, na wapo wanaosoma karatasi yote, wakaniangalia, wakasema hapana. Hao nawashukuru, naandika kwamba wamekataa, na siwaulizi kwa nini.