Miguu ya Bibi wa Newala

Enzi za ruksa, maduka ya Masasi yalipoanza kujaa redio na nguo za mitumba, mikanda ya kupigia picha nayo ikawa inapatikana bila kujuana na mtu. Nikanunua kamera iliyokwishatumika, nikajiita mpiga picha. Watu walitaka picha za arusi na ubatizo. Mimi nilitaka maisha yenyewe: wabangua korosho, kina mama wakipandisha ndoo za maji kutoka bondeni.

Kazi hasa nilifundishwa Newala. Bibi mmoja, jirani wa nyumba niliyofikia, aliniomba picha ya kumpelekea bintiye aliyeolewa ng'ambo ya Ruvuma. Akavaa kanga mpya, akasimama uani wima kama askari. Mimi na ujuaji wangu nikamsogelea, nikachukua uso tu, na chale zake, na macho yale. Picha ikaenda kusafishwa Dar es Salaam, ikarudi baada ya wiki kadhaa. Ilikuwa nzuri, jamani! Nikapanda basi mwenyewe kumpelekea.

Akaitazama, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Mwanangu, miguu yangu umeiacha wapi?"

Nikamweleza kwamba uso ndio mtu. Akacheka kwanza, kisha akakasirika.

"Kule wamemwambia binti yangu kwamba mama yake kakatwa mguu. Ndiyo maana nikataka picha. Sasa wewe umenikata yote miwili!"

Niliona haya mpaka masikioni. Kuuliza si ujinga, na mimi sikuuliza.

Nikampiga tena, na safari hii nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa jikoni. Yeye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuteka maji. Akavua kandambili, akapandisha kanga juu ya vifundo. "Yote iingie, na vidole." Tangu siku hiyo, kabla sijabonyeza, naangalia chini kwanza. Namshukuru bibi yule kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye.

Msimu wa korosho uliofuata, mwanamke nisiyemjua, aliyeelekezwa kwangu, alinifuata sokoni Masasi, mkononi ana picha ile ya pili, pembe zimekunjika. Alikuwa njiani kwenda kumwona mama yake. Nilidhani atausifia uso. Akaweka kidole chini kabisa, penye miguu iliyojaa vumbi jekundu la njia ya bondeni.

"Hapa ndipo nilipolia, kaka yangu. Nikasema, kumbe mama bado anateka maji."