Hosta na Ufagio wa Mama

Tulipohamia Koekelberg, nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja kidogo kati ya kuta ndefu, jua halifiki hata Julai. Mama alikitaka kama uwanja wake wa Lubumbashi: udongo mtupu, unafagiwa kila asubuhi, nyoka asipate pa kujificha. Nyoka, Brussels! Wapangaji wa zamani walikuwa wameacha mmea mmoja wa majani mapana. Aliukata mpaka chini, akafagia juu yake wakati wote wa baridi.

Aprili ukachomoza. Akaukata tena. Ukatoa majani mengine, makubwa na mazuri ajabu, katika kivuli kilekile kilichoua lengalenga zake zote, mboga alizojaribu kupanda kando ya ukuta. Jirani alituambia unaitwa hosta. Mama akasimama mbele yake, ufagio mkononi.

“Bon,” akauambia, “umenishinda. Ikala, kaa hapo hapo.”

Tangu siku ile alifagia pembeni yake tu, nao ukazidi kutanuka mwaka hadi mwaka. Mama, ambaye hajawahi kumpisha mtu, hata baba, sasa amebaki na kanjia kembamba kando ya ukuta. Anakafagia akitembea upandeupande, tumbo ndani, asiguse jani.