Mumiani wa Mlango wa Kushoto

Sogea karibu unisikilize, maana jambo hili hadi leo nikilisimulia moyo hunienda mbio.

Mimi ni bawabu wa jumba la maonyesho hapa Dubai. Tuliletewa mchezo wa kuimbwa mwanzo hadi mwisho, kwa Kifaransa, uliotokana na riwaya ya zamani ya kutisha. Mwenzangu wa mlango wa kushoto, dada wa Tanga, alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Kosa moja tu, anarudishwa kwao. Kifaransa hatukijui hata salamu, basi kabla ya onyesho la alasiri nikamweleza polepole: kuna bwana mkubwa, mtanashati, anaishi kwa kunyonya damu za watu.

"Kumbe mumiani!" akasema.

"Ndiye huyo huyo," nikamjibu, nikifurahi kwamba ameelewa.

Mimi ni mtu wa Nyeri. Neno hilo nililisikia kama zimwi la kutishia watoto wasiotaka kulala. Kwao Tanga mumiani si zimwi. Ni mtu kama wewe, ana gari, ana kazi yake, na jirani wa bibi yake dada inasemekana alichukuliwa naye.

Taa zikazimwa. Yule bwana akaimba, akamwinamia mpenziwe shingoni, kisha, jambo ambalo hata mimi sikuambiwa, akaruka kutoka jukwaani, akapita katikati ya viti, mdomo mwekundu umelowa, moja kwa moja hadi kwa dada.

"Mumiani! Jamani, mumiani!"

Kurunzi ya dada, ile ya kuwaonyeshea watu viti, ikatua shavuni mwa yule bwana, pa! Watu wakapiga makofi, wakidhani ndio mchezo wenyewe.

Wakati wa mapumziko msimamizi wetu, Mganda, alimjia dada mbio. "Wewe! Umempiga staa? Khalas, basi, kesho usije."

Ndipo mwigizaji wa yule bwana akaja mwenyewe, barafu shavuni, rangi bado mdomoni. "Pole kaka," dada akamwambia, akimpa mkono. Yule akaupokea na, kama wafanyavyo kwao, akainama aubusu.

"Mama wee! Sasa anataka mkono!"

Msimamizi akacheka mpaka akaketi chini. Alipomfasiria mwigizaji maneno ya dada kwa Kiingereza, naye akacheka huku ameshika shavu, akaomba dada abaki mlango uleule, ila kurunzi aiache. Msimamizi akakubali, na kesho yake dada alikuja kazini.

Basi, ukimfundisha mgeni kazi naye akakupa neno la kwao, usikimbilie kusema "ndiye". Mwulize, "Huyo kwenu ni nani?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.