Namba za Pembeni mwa Dodoso

Miaka ile viwanda vya serikali vilipokuwa vikiuzwa, mimi nilikuwa nikitafuta nafasi ya kusomea uzamivu katika saikolojia ya kazi. Mjomba wangu wa Mwika aliwaambia majirani kuwa nitakuwa daktari, ila sitamdunga mtu sindano.

Profesa wa ng'ambo aliyekubali kunisimamia aliweka sharti moja: nilete majibu ya wafanyakazi walewale mara mbili, mwenye kiwanda mpya anapoingia na mwaka mmoja baadaye. Nikikosa awamu ya pili, nafasi hakuna.

Nilipata kiwanda cha kushona sare, upande wa Rau. Meneja mpya alinikubalia upesi mno. Akanipa meza, akaagiza niletewe chai. Chai yenyewe niliitilia shaka.

Kina mama wa cherehani niliwaambia wasiandike majina, na kweli hawakuandika. Lakini pembeni mwa kila dodoso nilikuwa nimetia namba ndogo kwa penseli, na kwenye daftari langu kila namba ilikuwa na jina lake. Mwakani ningewatambuaje?

Madodoso yalirudi Jumatatu. Wote walikuwa wamejibu "nakubali kabisa" kila mahali. Napenda kazi yangu: nakubali kabisa. Nafikiria kuacha kazi hii: nakubali kabisa.

Nilimshuku meneja, kwamba ndiye aliyewaamuru. Kisha nikajishuku mwenyewe, kwamba maswali yangu ni ya kijinga. Mchana nikamfuata mkubwa wao, mama mmoja wa Uru.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutuhesabu tena?"

"Kuwahesabu vipi?"

Hakuinua macho kwenye ndizi aliyokuwa akimenya. "Jumamosi tulikaa jumuiyani. Tulipomaliza sala tukaziangalia karatasi zako. Hazina jina, lakini zina namba. Ng'ombe wa mnadani nao hawana majina."

Mwenzake akacheka.

"Namba ni za utafiti tu," nikasema. "Majina ninayo mimi peke yangu."

"Basi wewe peke yako ndiye utakayejua nani amechoka. Tukaona tujibu kitu kimoja, usipate tabu ya kuchagua."

Jioni ile meneja aliniita. Alisema anasikia nina daftari, akaomba nimwazime siku moja tu, ili ajue nani anahitaji kusaidiwa. Alitabasamu. Nikasema nimeliacha nyumbani, nalo lilikuwa mkobani, magotini pangu.

Nilipima kila njia. Ningeweza kulificha mwaka mzima, au kumpa la uongo. Lakini angeuliza tena, na mimi nikiulizwa mara ya pili hulegea. Tena awamu ya pili ilitegemea ruhusa yake, na nilijua kwamba ile nafasi ya masomo ningeitaka kila siku, mpaka siku moja nipate sababu nzuri ya kumpa daftari.

Kesho yake nilimwambia yule mama alichoomba meneja. Nikazichana kurasa za majina mbele yake, juu ya cherehani yake. Nilikuwa nachana safari yangu.

"Nakala iko wapi?" akauliza.

"Sina."

Kisha akaokota vipande vyote, hata vilivyoanguka karibu na pedali, akavifunga kwenye pindo la kanga.

"Nitavichoma mwenyewe," akasema.